Kichefuchefu kimekatika ghafla na mimba bado changa. Kuna aliyepitia hivi?

Mpishi wa River Road

Hamjambo dada zangu, na kina baba mliomo humu pia.

Swali naliweka juu kabisa ili asiye na nafasi ya kusoma yote anisaidie. Mimba yangu inakaribia wiki ya nane, nikihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tangu jana asubuhi kichefuchefu kimekatika. Hakikupungua, kimekatika. Matiti nayo yamelegea, hayaumi kama wiki iliyopita. Sitokwi na damu wala sina maumivu makali, isipokuwa chini ya kitovu panavutavuta kidogo ikifika jioni. Je, mimba imeacha kukua? Au kuna mwenzangu ilimtokea hivi na akajifungua salama?

Sasa nieleze vizuri, maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Mimi ni mpishi kwenye hoteli moja ndogo ya River Road, ya kupanda ngazi. Wateja wetu wengi ni madereva na makanga wa magari ya safari za mbali. Zamu yangu ni ya alfajiri. Kazi ya kwanza nikishavaa aproni ni kukaanga vitunguu vya mchuzi wa siku nzima, sufuria kubwa, mafuta mengi, mpaka vigeuke kahawia. Ndipo naingia kwenye unga wa chapati. Nimeifanya kazi hii kwa miaka na kitunguu hakijawahi kunisumbua. Mimba hii ilipoingia, pua ilijua kabla yangu. Ilianzia kwenye matatu ya kutoka Umoja: dizeli, marashi ya abiria wa mbele, na kijana pembeni yangu anamenya yai la kuchemsha. Nilimwomba makanga anishushe Jogoo Road, nikatapikia mtaroni watu wakinipita. Nikadhani ni taifodi. Mnajua Nairobi, tumbo likichafuka tu basi ni taifodi. Nilienda kemisti nikaomba dawa, na yule binti wa dukani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mwezi wako uliuona lini?" Nikasimama pale nahesabu vidole. Akazirudisha zile dawa kwenye rafu, akanipa kipimo cha mkojo.

Mstari wa kwanza ulitokea upesi. Wa pili ulichelewa, ukaja mwembamba, waridi iliyofifia, upande mmoja umekolea kuliko mwingine. Niliupeleka dirishani, nikaurudisha kwenye taa, nikaupeleka dirishani tena. Ulikuwepo.

Sikufurahi. Nataka kulisema hilo wazi kwa sababu sijaweza kulisema nyumbani. Kabla ya hii nilikuwa na mimba nyingine, ikatoka kabla ya kutimiza miezi mitatu. Wakati ule nilikuwa nimeshawaambia wote: mama mkwe, wenzangu wa chama, majirani wa ploti, hata muuza maziwa. Kisha ikanibidi nimfikie mmoja mmoja kumwambia haipo tena. Wengine habari haikuwafikia, wakawa wananiuliza tumbo linaendeleaje, nami nimesimama kwenye foleni ya maji na ndoo mkononi. Mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Safari hii anajua mume wangu peke yake.

Na furaha yake inaniumiza. Analeta maziwa kila jioni, amenunua ndimu za kutosha ploti nzima. Juzi alikuwa anapiga pasi shati huku anaimba, nikamfokea mpaka akachomoa waya ukutani. Muda si muda nikawa nalia nikitaka anikumbatie. Nalia kwa mambo ambayo hata siyaelewi. Mama mboga wangu alinikatia sukuma wiki nyembamba kabisa, ninavyopenda, bila mimi kumwambia, nikabubujikwa na machozi hadi akaweka kisu chini akaniuliza kama nimefiwa. Usingizi unanizidi nguvu, napitiwa hadi nimepitishwa stejini kwangu. Mdomoni nina ladha ya chuma. Usiku naamka kila mara kwenda haja ndogo. Tena nina hamu ya udongo, ule unaonukia mvua ikianza kunyesha, naona aibu hata kuandika.

Lakini hayo yote, hasa kule kutapika, ndiyo yaliyokuwa yananituliza. Kila nilipoinama kwenye sinki nilisema moyoni: basi yupo. Nilichukia na nikashukuru kwa pumzi moja. Leo asubuhi nimekaanga vitunguu vyote, sufuria nzima, mvuke usoni, na sikusikia chochote. Mwenzangu ananiambia leo umeamka vizuri, mimi magoti yananitetemeka.

Mume amelala, sitaki kumwamsha na hofu yangu. Mwenye kujua naomba anijibu bila kunificha.

---

Nesi wa Zamu

Dada, hongera na pole, unastahili zote mbili.

Nahudumia kliniki ya wajawazito huku Eastlands, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona na ninayoyajua. Kichefuchefu kukatika, peke yake, hakusemi kama mtoto yupo au hayupo. Hilo lishike kwanza.

Sababu ni hii. Mimba ikijishika kwenye mji wa uzazi, kondo linaloanza kuota hutoa homoni iitwayo hCG. Ndiyo iliyokoleza ule mstari wako wa pili, na ndiyo maana ulianza hafifu: wiki za mwanzo homoni hii huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu hivi, kwa hiyo anayepima mapema huona mstari mwepesi. Hufika kilele kati ya wiki ya nane na ya kumi na moja, halafu hushuka. Kichefuchefu huenda nayo sambamba, lakini si kwa mstari ulionyooka. Kuna siku kinakutupa chini, kuna siku unaamka huna kitu, kesho yake kinarudi. Mwili huzoea kiasi fulani, kisha kiasi kinapanda tena. Wengi hupata nafuu kati ya wiki ya kumi na mbili na ya kumi na sita, na wapo wanaoipata mapema zaidi. Wapo pia wasiotapika hata siku moja.

Usingizi, gesi, choo kigumu na kiungulia vinatoka zaidi kwa projesteroni, homoni inayolegeza misuli laini ya mwili ili mji wa uzazi utulie. Ikilegeza mji wa uzazi inalegeza na utumbo pia. Kwenda haja ndogo mara kwa mara ni kwa kuwa damu mwilini inaongezeka na figo zinachuja zaidi, na imeanza kabla tumbo halijakua. Machozi ya sukuma wiki yanatokana na homoni hizo hizo, pamoja na uchovu na ile hofu unayoibeba peke yako. Huko kuvutavuta kwa jioni, kama hakuna damu na hakukui, mara nyingi ni mji wa uzazi unaotanuka.

Ila wewe umeshapoteza mimba moja, na una hofu inayokunyima usingizi. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kwenda kupigwa skani, usingoje dalili nyingine. Wiki ya saba kwenda ya nane, mapigo ya moyo kwa kawaida yanaonekana, hasa kwa kile kipimo cha ndani kinachopitishwa ukeni. Hakiumizi mtoto. Hakuna atakayekupa jibu la hakika kwa kusoma maandishi yako, hata mimi.

Usingoje hata kupambazuke ukiona haya: damu inayolowesha pedi, maumivu makali hasa ya upande mmoja, maumivu kwenye ncha ya bega, kizunguzungu cha kuanguka, homa. Maumivu ya upande mmoja na bega yanaweza kuwa mimba iliyotunga kwenye mrija nje ya mji wa uzazi, na hiyo huua ikicheleweshwa. Na siku kichefuchefu kikirudi, kikawa kibaya kiasi kwamba hata maji hayakai tumboni na mkojo umekuwa mchache wa rangi nzito, hiyo nayo ni ya hospitali. Watu husema mimba si ugonjwa, wakamwacha mwanamke akauke maji kitandani. Nimewapokea wa namna hiyo, wengine wamebebwa mgongoni.

Kuhusu ile iliyotoka. Mimba zinazojulikana ambazo hutoka ni kati ya 10 na 20 katika kila 100, na nyingi za miezi mitatu ya mwanzo hutoka kwa sababu kromosomu hazikupangika sawa tangu yai na mbegu vilipokutana. Hukuitoa kwa kubeba sufuria. Hukuitoa kwa kuwatangazia watu. Aliyewahi kupoteza mimba moja, mara nyingi zaidi inayofuata hufika salama.

---

Mama Pacha Kayole

Nimesoma nikaacha vyombo kwenye beseni.

Dada, mimi nimebeba mara kadhaa na hakuna mimba iliyofanana na nyingine. Kifungua mimba wangu sikutapika kabisa, niliuza mitumba Gikomba mpaka tumbo likanizuia kuinama kwenye marobota. Mapacha walinilaza. Mate yalikuwa yanajaa mdomoni hadi natembea na chupa kwenye mkoba, kwenye matatu nageukia dirisha natema. Harufu ya omena ya jirani ilinifanya nigombane na mtu ambaye hajawahi kunikosea. Halafu katikati ya mateso hayo zilikuja siku nzuri kabisa, nakula ugali na nyama nasema yameisha, yakarudi. Mapacha hao sasa wako shule.

Lakini umesema tusikufiche, basi sikufichi. Kuna mimba moja niliyotapika mpaka siku ya skani, na skani ikaonyesha mtoto aliacha kukua muda mrefu kabla. Mwili ulikuwa haujapata habari. Kwa hiyo yule unayemwita shahidi, kichefuchefu, si shahidi. Akiwepo hathibitishi, akiondoka hakanushi. Nilipolielewa hilo niliacha kumchunguza. Nenda kwa mashine uone kwa macho yako. Na uende na mtu, usiende peke yako kama nilivyoenda mimi.

---

Binti wa Githurai

Pole dada. Hiyo hamu ya udongo nunua odowa, kila soko wanayo, hata kwa mama mboga utaipata. Mimi natafuna vipande vichache na mate yanakatika kabisa. Usione aibu, karibu wote tunatafuna.

---

Nesi wa Zamu

Binti wa Githurai, najua inatuliza, na najua haitoki midomoni mwa wajawazito wa Nairobi kirahisi. Hata mhudumu mwenzangu nimemkuta nayo mfukoni. Lakini naomba mnisikilize nyote wawili.

Hayo ni mawe ya udongo yaliyochimbwa ardhini. Yanaweza kuwa na madini ya risasi, na risasi hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto. Yanaweza kuwa na mayai ya minyoo. Tena hushika madini ya chuma yaliyo kwenye chakula yasifyonzwe, na wakati mwingine hamu yenyewe ya udongo inaletwa na upungufu wa damu. Unakula jiwe kwa sababu damu imepungua, na jiwe linazidi kuipunguza. Mpishi, hamu hiyo usiionee aibu, ipeleke kliniki uiseme, wakupime damu.

Kliniki watakupa vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki pamoja, chuma miligramu 60 na foliki mikrogramu 400. Uanze mapema, kwa sababu mfereji unaogeuka kuwa uti wa mgongo na ubongo hufunga mwanzoni kabisa, wengi wakiwa hata hawajajua wana mimba. Usivinywe na chai. Sisi Wakenya chai ni asubuhi, saa nne na jioni, na majani ya chai huzuia chuma kuingia mwilini. Kunywa kidonge na maji au juisi ya chungwa, chai isubiri saa moja au mbili.

---

Baba wa Wawili, South B

Naomba nichangie kama mwanaume, nikikosea mtanirekebisha.

Dada, kuhusu mumeo anayeimba. Mke wangu naye alipoteza mimba kabla ya watoto wetu hawa. Alipobeba tena, nami nilikuwa naimba, napaka rangi ukuta, nanunua vitu. Hakuna aliyeniuliza, lakini kama angeniuliza ningemwambia naogopa hadi tumbo linauma. Nilidhani nikionyesha hofu nitamwongezea yeye. Yeye akadhani nimesahau ile ya kwanza. Tulilala kitanda kimoja kwa muda mrefu kila mtu ana hofu yake. Siku tuliyoongea ilikuwa usiku, umeme umepotea, hatuonani nyuso, ikawa rahisi.

Mwamshe. Ndiyo nasema mwamshe usiku huu. Kama kweli anaimba kwa raha tupu, atashtuka kidogo kisha atavaa viatu mwende. Kama ni kama mimi, mtalia wote wawili.

Na yako mambo anayoweza kufanya leo. Mimi nilichukua jiko lote. Nilitoa mafuta ya kukaangia ndani ya nyumba, nikawa nachemsha nduma usiku, naacha vipande kwenye sahani kando ya kitanda, anakula kimoja kabla hajainua kichwa. Tumbo tupu lilikuwa ndilo adui yake mkubwa. Tangawizi kwenye maji ya moto ilimsaidia, uji wa wimbi haukumsaidia hata kidogo ingawa mama yangu aliapa nao. Na kliniki ya kwanza niliandamana naye. Hupimwa virusi vya ukimwi na kaswende, na baba pia anatakiwa kupimwa, kwa hiyo tusiwaachie mama zetu foleni peke yao.

---

Shangazi wa Kisauni, sasa Eastleigh

Mwanangu, assalaam aleikum.

Nimezaa, nimepoteza, nimelea wa wenzangu. Kwetu Pwani mimba changa haitangazwi, na wala si uongo, ni stara. Watu wana macho na wana midomo. Kwa hiyo kuificha kwako hakuna ubaya wowote. Lakini stara haikuamrishi ubebe peke yako. Hata zamani, mwari wa kwanza kubeba alikuwa na somo wake, mtu mzima mmoja anayejua kila kitu, anayeulizwa mambo ambayo mume haulizwi na mama mkwe haambiwi. Tafuta mmoja. Asiwe wa chama wala wa ploti. Awe mtu ambaye habari ikiwa mbaya utataka awe mbele yako.

Kuhusu kutofurahi, usijilazimishe. Furaha ya mtu aliyewahi kuzika matumaini huchelewa. Mimi ilinijia mwezi wa tano, nilipomsikia akicheza, na kabla ya hapo nilikuwa natimiza wajibu tu: nakula, nalala, naswali. Mtoto hakupungukiwa kitu. Ila ukiona huzuni imekaa wiki mbili mfululizo, huli, huamki, dunia imekuwa haina ladha, hilo liseme kliniki kama unavyosema tumbo linauma. Wana watu wa kuzungumza nawe, na kuna tiba.

Na mumeo mwachie aimbe, bibi.

---

Mpishi wa River Road

Nimerudi. Samahanini kwa kukawia, na asanteni, nimesoma kila neno.

Nilimwamsha. Hakusema kitu kwa muda, kisha akaniambia zile ndimu alikuwa ananunua kila akitoka kazini kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Baba wa Wawili, umenisaidia kuliko unavyojua.

Kulipopambazuka nilimpigia bosi nikasema tumbo linanisumbua, tukaenda sehemu moja ya skani mjini, elfu moja na kitu. Wakanipaka ile jeli baridi, wakajaribu juu ya tumbo kwanza. Yule mpimaji alikuwa kijana mkimya. Sikuangalia kioo. Nilimwangalia yeye usoni, nikitafuta uso ule niliouona mara ya kwanza, ule wa mtu anayejiandaa kusema pole. Akasogeza kifaa, akakunja uso, akasema haoni vizuri, nikamwage mkojo nirudi apime kwa ndani. Nilipokuwa chooni nilishindwa kusimama kwa muda.

Akapima tena. Akabonyeza kitu, akageuza kioo kikaelekea kwetu. Ndani ya duara jeusi palikuwa na kitu kidogo cheupe kando, urefu wake haujafika hata kucha ya kidole changu kidogo, na katikati yake panapepesa. Panapepesa upesi upesi, bila kuchoka. Chini yake pameandikwa 152. Akasema hayo ni mapigo kwa dakika na ni mazuri. Kwa vipimo, mimba ni ndogo kidogo kuliko nilivyohesabu, wiki ya saba na siku kadhaa, akasema huenda yai lilichelewa kupevuka mwezi ule. Ameniambia nirudi baada ya wiki mbili kuona kama anakua inavyotakiwa.

Mume wangu alimuuliza mara nyingi kama ule ni moyo kweli. Kijana wa watu akamjibu kila mara.

Hofu haijaisha, nisiwadanganye. Nimetoka pale nikiwa nimeshaanza kuhesabu hizo wiki mbili. Lakini nimekula, na nimelala mchana bila kuota. Kichefuchefu kimerudi kidogo jioni hii na sikukishukuru wala kukichukia, nilitafuta tu ndimu. Shangazi, nimepata mtu wa kumwambia, ni binamu yangu wa Huruma, naye aliwahi kupoteza na sikujua.

Ninalouliza sasa ni kazi. Magunia ya viazi tunapandisha wenyewe kwa ngazi, na kusimama ni kutwa. Bosi akijua naogopa ataniambia nikapumzike nyumbani moja kwa moja. Na kliniki ya serikali nianze lini, nisubiri hiyo skani ya pili?

---

Karani wa Industrial Area

Hongera sana. Nashughulika na mambo ya wafanyakazi kiwandani, kwa hiyo hilo la bosi nalijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, na kumfukuza kwa sababu hiyo hakukubaliki kisheria. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na unampa mwajiri taarifa ya maandishi angalau siku saba kabla ya kuondoka. Hulazimiki kumwambia leo. Ukiamua kumwambia, mwambie kwa barua au ujumbe wa simu ambao utabaki nao, na uombe jambo mahususi: magunia yapandishwe na mwingine, na uwekewe kiti wakati wa kusukuma chapati. Bosi anayeombwa kiti hutafuta kiti, anayeambiwa tu "nina mimba" huanza kutafuta mtu wa kuchukua nafasi yako.

---

Nesi wa Zamu

Nimefurahi mno, nimemsomea hata mwenzangu wa zamu.

Usisubiri skani ya pili. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri angalau mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki ya kumi na mbili kuisha. Wengi wetu huja tumbo likishaonekana, na hapo upungufu wa damu na shinikizo la damu tunavikuta vimeshatangulia. Nenda wiki hii, kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani, uende asubuhi mapema. Beba kitambulisho, karatasi ya skani, na kama hujajisajili SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jisajili kabla, usije ukaanza kuhangaika nayo siku ya uchungu. Watakupima damu, mkojo, shinikizo na kundi la damu. Ukiambiwa kundi lako ni hasi, uliza kuhusu sindano ya anti-D, ile ya kuzuia mwili wako usipigane na damu ya mtoto, na ueleze kwamba mimba ya kwanza ilitoka, kwa sababu hilo linahusika.

Panadol unaruhusiwa kichwa kikiuma, ila ibuprofen na jamii yake usiguse bila daktari. Kichefuchefu kikizidi usinunue dawa kemisti kwa kubahatisha, kuna vitamini B6 na nyinginezo salama, uandikiwe.

Na ukikabidhiwa kijitabu cha mama na mtoto, mkumbushe anayekiandika ajaze sehemu ya mimba zilizotangulia, aandike ile ya kwanza na ilitoka ikiwa ya miezi mingapi. Foleni ikiwa ndefu huwa inarukwa.